Kilima Kibebwacho Mikononi

Msafiri afikaye kijiji cha Long Wittenham, Uingereza, huoneshwa katika makumbusho ya Pendon reli ndogo ya Madder Valley, aliyoiunda John Ahern nyumbani kwake. Wapenzi wa sanaa hiyo wasio na jumba hutumia chumba cha familia, na njia yao hukatiza mlangoni. Hapo huweka kipande cha kuondolewa: daraja, kijito na kilima cha povu jepesi la plastiki lililopakwa plasta. Baina ya reli mbili mna milimita 16.5 tu, zisipolingana, garimoshi huanguka sakafuni. Basi vijiti vya shaba hushika ncha zake barabara, na umeme wa njia ikaribiayo pengo hupitia plagi ya kipande hichohicho. Kikinyanyuliwa, umeme hukatika, garimoshi husimama, na watoto hupita kwenda kulala.