Mimi, Yeye na Chuo cha Mwaka 1088

Kuna wapenzi wanaogombana kwa sababu ya simu, wengine pesa, wengine mama mkwe. Sisi ugomvi wetu mkubwa ulitokana na fomu ya chuo. Chuo kimoja, kozi moja, mji mmoja, ila mimi nilikuwa na mlango wangu na mwenzangu alikuwa na wake.

Ngoja niwaweke sawa kwanza. Mimi ni mtoto wa Tanga. Niliondoka na mama nikiwa na miaka 8, tukaenda kuishi Rotterdam, na huko ndiko nilikopata uraia wa Uholanzi. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo nilipovuka umri wa kuchagua, pasipoti ya nyumbani ikabaki ndani ya albamu ya picha. Mchumba wangu ni kijana wa Sinza. Tulikutana kwenye harusi ya binamu yangu mwaka 2021, na tangu hapo mapenzi yetu yakawa ya vocha na vifurushi. Mwishoni mwa 2023 wote tulikuwa na digrii ya kwanza, wote tulitaka ya pili, na wote tulikuwa tumechoka kupendana kupitia kioo cha simu.

Wazo la Bologna lilikuwa lake. "Mpenzi, hawa jamaa chuo chao ni kikongwe kuliko vyote Ulaya, na ada wanatoza kulingana na kipato cha familia. Kozi ya Kiingereza ipo. Twende zetu," aliniandikia. Nikacheka. Halafu nikaanza kusoma kwa makini, na kicheko kikaisha.

Aprili 2024 nikapanda ndege ya bei poa nikaenda kuuona mji kwa macho yangu. Hiyo nayo ni faida ya pasipoti yangu ambayo sikuwahi kuifikiria: niliamua Jumatano, nikaondoka Ijumaa. Yeye angehitaji miezi.

Bologna ni mji wa rangi ya udongo uliochomwa. Kuta nyekundu, za chungwa, za njano iliyofifia, na kila mtaa una vibaraza vyenye matao vinavyofunika njia ya waenda kwa miguu. Mvua ikinyesha unatembea mji mzima bila mwavuli. Ukivijumlisha, vibaraza hivyo ni kama kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kinachoongoza ni kile kinachopanda mlimani hadi kanisa la San Luca: karibu kilomita 4, matao 666. Nilikipanda nikiwa nimewasha video ili mwenzangu aone. Kwenye tao la mia tatu na kitu kifurushi chake kikakata, nikamalizia peke yangu nikihema kama mbuzi.

Sababu ya vibaraza hivyo kuwepo ndiyo iliyonichekesha. Karne za kati mji ulifurika watu, wanafunzi wakiwemo, na vyumba vikawa haba. Wenye nyumba wakaanza kuchomoza ghorofa za juu kuelekea barabarani, chini wakiziegemeza kwa nguzo. Mwaka 1288 mji ukaweka sheria kwamba kila nyumba mpya iwe na kibaraza. Yaani shida ya chumba cha mwanafunzi pale ni ya zaidi ya miaka 700. Mkae mkijua.

Chuo chenyewe huhesabu kuzaliwa kwake mwaka 1088. Tarehe hiyo ilichaguliwa baadaye sana, karne ya 19, na kamati iliyoongozwa na mshairi Giosuè Carducci, kwa sababu hakuna mtu aliyekata utepe siku ya kwanza. Kilichotokea ni kwamba vijana kutoka pande nyingi walikuja kusoma sheria, wakakuta mji ambao mgeni hana mtetezi. Mtu wa kwenu akiwa na deni mjini akatoroka, unakamatwa wewe. Wakajiunga kwa makundi kufuatana na makwao, wakawa wanawaajiri walimu wenyewe na hata kuwapiga faini. Katikati ya karne ya 12 mfalme Frederick Barbarossa akatoa amri ya kuwalinda wanaosafiri kwa ajili ya elimu, wasikamatwe kwa madeni ya wenzao. Kwa hiyo chuo kile kilianzishwa na wageni waliokuwa wakiogopa mambo ya makaratasi. Nilisimama ndani ya Archiginnasio, jengo lililokuwa makao ya chuo kuanzia 1563 hadi 1803, kuta na dari zimejaa ngao takriban 6,000 za wanafunzi wa zamani, majina na makwao yameandikwa. Nikapiga picha moja nikamtumia. Akajibu: "Tafuta ya Mtanga." Hakuna, bila shaka.

Jioni nikala tortelloni za jibini, kwa sababu zile ndogo, tortellini, hujazwa nyama ya nguruwe, na mortadella waliyoniletea kwenye sahani ya kukaribishia nayo ni hiyo hiyo. Mhudumu alipoelewa aliniomba radhi utadhani amenikanyaga mguu.

Sasa tuje kwenye fomu.

Raia wa Umoja wa Ulaya akiomba chuo cha umma Italia anahesabiwa kama Mwitaliano. Hakuna viza, na hakuna nafasi zilizotengwa kwa ajili yake, anaingia kwenye kapu moja na wenyeji. Nilipakia cheti cha digrii, alama zangu, barua ya kueleza nia, na ile nyongeza ya cheti ambayo vyuo vya Ulaya hutoa kwa mfumo mmoja ili vielewane. Kuelewana huko kwenyewe kulianzia pale pale: Juni 1999 nchi 29 zilitia saini Azimio la Bologna. Kazi yote ilinichukua jioni mbili, chai ikiwa pembeni.

Mwenzangu alikuwa kwenye kundi la wasio raia wa Umoja wanaoishi nje. Hao wana nafasi zao zilizotengwa, wanajisajili pia kwenye mfumo wa serikali uitwao Universitaly, halafu viza ya masomo, na viza inataka uthibitisho wa fedha, mahali pa kulala na bima. Yote hayo alikuwa tayari kuyafanya. Kilichomkwamisha ni jina lake. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na pasipoti imeandika la babu kwa herufi tofauti. Nani kati yetu hana balaa hili? Ikabidi atafute hati ya kiapo, kisha tafsiri, kisha mihuri.

Mwezi Mei nikapata barua ya kukubaliwa. Nilimpigia nikipiga kelele kama mwehu. Wakati huo alikuwa kwenye benchi la wakili, Kariakoo, akisubiri saini. Akasema, "Hongera." Basi. Siku tatu hakupiga simu.

Siku ya nne akapiga. "Nimefikiria. Tukifunga ndoa mwezi wa saba, si naingia kwa mgongo wako?"

Hakuwa anatania. Na kisheria hakukosea. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2004 inampa mume au mke wa raia wa Umoja anayehamia nchi nyingine ya Umoja haki ya kwenda kuishi naye, mwanafunzi akiwemo, mradi ana bima na cha kumfanya asiwe mzigo. Mlango wangu ungekuwa wake. Lakini mimi moyo ulishuka. Miaka mitatu nilikuwa nasubiri neno "ndoa" litoke mdomoni mwake, na lilipotoka likaja limefungwa kwenye bahasha ya uhamiaji.

Nilimwambia ukweli: "Sitaki kujiuliza maisha yangu yote kama ulinioa mimi au pasipoti yangu." Akajibu kwamba na yeye hataki kuishi akiulizwa. Tukanyamaza, wote wawili, na simu inakula hela. Mwisho akasema, "Nitapita mlangoni kwangu. Ukiona nachelewa, nisubiri." Mama nilipomsimulia hakusema mengi: "Mahari italetwa na wazee wake, mwanangu, siyo na ubalozi."

Kwa mama ndipo nilipokutana na mtihani wangu mwenyewe. Ili ulipe ada kulingana na kipato, unahitaji kitu kinaitwa ISEE. "Aisee gani tena?" mama akauliza. Ni hesabu ya uwezo wa familia: kipato cha mwaka juzi, akiba benki, nyumba, idadi ya watu. Kwa familia iliyoko nje ya Italia hufanyika kwa utaratibu maalumu, kwenye ofisi za kusaidia wananchi mambo ya kodi, na nyaraka zinatafsiriwa Kiitaliano. Usipoipeleka kwa wakati unalipa ada kamili, hata kama ni maskini wa kutupwa. Na kwa kuwa nilikuwa bado naishi kwa mama, familia yangu ni yeye.

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, siku nne kwa wiki. Sikuwahi kujua analipwa kiasi gani, kwetu mtoto hamuulizi mzazi hilo. Usiku ule alinimwagia karatasi zote mezani. Nikaona mshahara. Nikaona kila mwezi pesa inayoondoka kwenda Tanga, miaka 16 mfululizo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kuna nyumba." Alikuwa amejenga Kange, vyumba vinne, bila kumwambia mtu yeyote, mimi nikiwemo. "Hawa Wataliani nyumba yangu ya Tanga inawahusu nini?" Nikamweleza kwamba mali iliyo nje nayo inaandikwa. Alikaa muda, kisha akaenda chumbani akarudi na hati. Hesabu ilipotoka tulikuwa chini kidogo ya euro 22,000, kiwango ambacho tangu mwaka 2021 sheria ya Italia inamsamehe ada mwanafunzi wa chuo cha umma anayetimiza masharti. Nililipa kodi ya mkoa, euro 140, na stempu ya euro 16. Wenzangu Rotterdam hawakuamini.

Septemba nikahamia. Kuhesabiwa kama Mwitaliano maana yake ni kupanga foleni kama Mwitaliano, hakuna anayekushika mkono. Wa kwanza kumtafuta ni codice fiscale, namba ya kodi, ambayo bila hiyo mkataba wa nyumba husaini. Ni bure. Ina herufi na tarakimu 16 zinazotengenezwa kutokana na jina, tarehe na mahali ulipozaliwa. Mwanamke anaongezewa 40 kwenye tarehe, kwa hiyo mimi wa tarehe 9 nikawa 49, utadhani wamenizeesha. Kuelekea mwisho kuna herufi Z na tarakimu tatu. Nikamuuliza karani ni nini. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jina langu: "Ni Tanzania. Si ndiko ulikozaliwa?" Pasipoti nimeshika ya Uholanzi. Nilitoka nje nikaketi kibarazani.

Chumba ndicho kilichonitoa jasho. Siyo chumba hata, ni kitanda: wanapangisha kitanda ndani ya chumba cha watu wawili, na kuna foleni. Wiki tano nililala kwenye sofa la msichana wa Krete niliyemjua siku mbili. Mwishowe nikapata Bolognina, nyuma ya stesheni ya treni, euro 400 kwa mwezi, mwenzangu wa chumba anakoroma lakini roho safi. Kama unapanga kwenda, tafuta kitanda kabla ya kununua begi. Ukikaa zaidi ya miezi mitatu unajiandikisha pia manispaa, na kadi ya bima ya Ulaya usiiache nyumbani. Mnara wa Asinelli, mita 97, wanafunzi hawaupandi kabla ya kumaliza, eti hutahitimu. Mimi sikupata hata kishawishi: tangu mwishoni mwa 2023 ulifungwa kwa ajili ya jirani yake Garisenda, ambao umeinama kupita kiasi.

Mwaka ule mwenzangu hakuwahi. Aliomba upya, majina yakiwa yamenyooka, na safari hii Universitaly, viza na kila kitu vikaenda kwa mpangilio. Septemba 2025 alishuka kwenye treni kutoka uwanja wa ndege wa Milano na begi moja na mfuko wa dagaa. Mimi nilikuwa na mwezi mzima nimejiandaa niseme nini. Nilisema, "Umekonda."

Mwanafunzi wa viza ana siku 8 za kazi tangu aingie kupeleka maombi ya kibali cha kuishi, na hupelekwa posta. Tulikwenda wote siku ya tatu. Mimi sikuwa na shughuli pale, nilishika tu ile bahasha kubwa huku yeye akijaza jina lake, herufi moja moja, akiangalia pasipoti kila mara asikosee la babu. Mstari ulikuwa mrefu. Simu ikaita, ni mama. Hakuuliza kama mkwe amefika salama. Aliuliza kama Wataliani wamesharudisha hati ya nyumba yake ya Kange. Nikamwambia walichukua kopi tu, mama. "Haya," akasema. "Basi mpe simu nimsalimie."