Shujaa Aliyefufuliwa na Jina la Babu

Mimi nilipewa jina la babu yangu mzaa baba, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Alikuwa mganga msaidizi katika zahanati ya kwetu, na mpaka leo wazee wakinikuta njiani hunisalimu kwa heshima nisiyostahili. Bibi huniita mume wangu. Basi nyumbani wote wamekata shauri kwamba nitakuwa daktari. Hawakutazama kitu kimoja tu, nacho ni alama zangu za Kemia, ambazo namwomba Mhariri aniruhusu nisizitaje.

Likizo iliyopita mjomba alinipa furushi la vitabu vya katuni za Kimarekani. Nilivisoma bwenini kwa tochi (Mwalimu wa zamu, tafadhali usisome hapa). Humo ndimo nilimokutana na Flash.

Shujaa huyu alitungwa mwaka 1940 na Gardner Fox, akachorwa na Harry Lampert. Jina lake hasa ni Jay Garrick, mwanafunzi wa chuo aliyevuta mvuke wa kemikali akapata mbio za ajabu, na kichwani huvaa kofia ya chuma yenye mabawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili wasomaji waliwachoka mashujaa wa namna hiyo, na mwaka 1949 gazeti lake likafungwa.

Hata mwaka 1956 mhariri Julius Schwartz na wenzake wakamfufua. Mimi nilidhani walimpangusa Garrick vumbi tu. Sivyo! Walichukua jina na mbio, wakaacha mengine yote. Flash mpya ni Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi, mwenye mavazi mekundu. Na ajabu ni hii: ndani ya hadithi yenyewe Allen anasoma gazeti la zamani la Garrick. Kisha radi inapiga rafu ya chupa za kemikali, zinammwagikia, naye alipojiona ana mbio akajipa jina la yule aliyemsoma.

Rafiki yangu wa kitanda cha juu asema huo ni wizi. Yeye ampenda Captain America wa mwaka 1941, ambaye mwaka 1964 alitolewa katika barafu akiwa yule yule, hata mvi moja hana. Nikamjibu kwamba huyo aliamka akimlilia mwenzake Bucky aliyekufa vitani, na tukabishana hadi kengele ya kuzima taa.

Lakini iliyonigusa zaidi ni hadithi ya mwaka 1961. Allen anavuka bila kutazamia hadi dunia nyingine, na huko anamkuta Garrick mwenyewe, ana mke, ana mvi kando ya masikio, amestaafu. Mtungaji ni Fox yule yule wa 1940. Je, mzee alimkasirikia kijana kwa kutwaa jina lake? Hata kidogo. Walitoka wakakimbia pamoja, wakawakamata wahalifu.

Hapo nilifunga kitabu. Mimi sina mahali pa kuvukia nikamwulize babu kama uganga aliupenda, au naye alichaguliwa na wazee wake.

Juzi tuliletewa fomu za kuchagua masomo ya Kidato cha Tano. Nikaandika Historia, Jiografia na Kiswahili, kwa wino. Kisha juu yake nikaandika jina langu, yaani la babu, na mkono ukatetemeka. Likizo inaanza Ijumaa, na Bibi bado hajui.