Chwa wa Pili, Lakini Yupi?

Sisi tunaosomesha historia huku Vurra, mpakani mwa Kongo, hatukurithi wafalme. Masimulizi ya Walugbara huanza na Gborogboro na Meme, kisha huja mashujaa Jaki na Dribidu, ambao wana wao waliasisi koo zetu. Kwa hiyo wafalme wa Buganda na Bunyoro huwafikia watoto wetu kama mali ya jirani, na kinachowatatiza kwanza ni majina.

Mutesa wawili wa Buganda hawana taabu: mmoja alifariki mwaka 1884, mwingine alifia London mwaka 1969. Taabu ni Chwa. Kabalega, Mkama wa Bunyoro, jina lake la enzi ni Chwa wa Pili. Mwaka 1897 Waingereza walimwondoa Mwanga wa Pili katika kiti cha Buganda, wakamweka mwanawe Daudi, mtoto wa mwaka mmoja, naye pia akaitwa Chwa wa Pili. Basi kwa miaka miwili hivi palikuwa na Chwa wa Pili wawili: mmoja porini akipigana na Waingereza, mwingine akibebwa mgongoni. Mwezi Aprili 1899 Kabalega na Mwanga walikamatwa pamoja, hatimaye wakapelekwa Shelisheli. Mwanafunzi aandikaye kwamba Chwa wa Pili alitawala kwa ridhaa ya Waingereza hadi mwaka 1939 amesema kweli, ila msomaji asiyejua aweza kumtwika Kabalega maneno hayo, mtu aliyefia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Hiyo ni dhuluma kwa maiti.

Hata Wayunani wa kale hawakusalimika. Wafalme wa Athene, Cecrops na Pandion, hutajwa wawili wawili, na wataalamu hushuku kwamba wale wa pili walipachikwa kuziba mapengo ya miaka. Karibu nasi, Burundi, majina Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa yalipokezanwa kwa zamu. Wanahistoria wamebishana kama zamu hizo zilizunguka mara nne au mbili tu.

Huku kwetu jina hutolewa na hali iliyompata mama. Candiru ni mtoto wa mashaka, na mashaka hayana uhaba, kwa hiyo kijiji kimoja huwa na akina Candiru kadhaa. Hakuna atatizikaye, huulizwa tu, wa nani? Ndivyo tunavyowaandikisha watoto wafalme wa jirani: Chwa wa Kamurasi, Chwa wa Mwanga.