Kutoka Ghulail Kwenda Jidda ya Kale

Kutoka mtaa wetu wa Ghulail, kusini mwa Jidda, hadi mji wa kale wa Al-Balad si safari ndefu. Nilipoutembelea baada ya kustaafu, nilihisi nimefika Lamu: nyumba za mawe ya matumbawe, vichochoro vyenye kivuli, na madirisha ya mbao yaliyotokeza nje, ambayo watu wa Hijazi huyaita roshan. Sisi nasi tuna neno roshani. Mbele ya Nyumba ya Nasif, alikofikia Mfalme Abdulaziz mwaka 1925, umesimama mwarobaini.

UNESCO iliutia mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, kama ilivyofanya kwa Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Ghulail, iliyopokea wahamiaji wengi kutoka Afrika, nyumba zake zilianza kubomolewa mwaka 2021.

Mawe ya Al-Balad yana walinzi. Ghulail imebakiwa na kumbukumbu zetu. Basi andikeni: nani aliishi wapi, jirani yake nani, alitoka bandari gani. Wazee waulizwe sasa, kabla hawajatutangulia.