Kalamu ya Muuguzi, Ruangwa hadi Nachingwea

Basi letu lilitoka Dar es Salaam gizani, likavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, likapita Nangurukuru, na kwenye njia panda ya Mnazi Mmoja likaipa pwani kisogo. Mtama, Nyangao, Nanganga. Hapo Nanganga wanaokwenda Ndanda na Masasi huendelea mbele. Sisi wa Ruangwa tulikata kulia, tukaingia nchi ya mikorosho, ufuta na mbaazi ambayo hadi siku hiyo nilikuwa nikiisikia tu redioni, msimu wa minada unapofika.

Kilichonipeleka huko ni utafiti uliotoka mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wenzao walitengeneza mfumo wa kompyuta unaoitwa CONCERN, wakaujaribu katika wodi 74 zenye wagonjwa zaidi ya 60,000. Katika wodi zilizoutumia, hatari ya mgonjwa kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 35.6 kuliko katika wodi zisizokuwa nao.

Mfumo huo hausubiri presha ya mgonjwa ishuke. Unamtazama muuguzi. Je, amepima mapigo saa nane za usiku ilhali ratiba ilimtaka apime saa kumi? Ameandika maelezo pembeni ya namba ambayo kwa kawaida haihitaji maelezo? Ameizuia dawa kwa muda? Mambo hayo kompyuta inayachukua kuwa ni wasiwasi wa mtu anayeijua kazi yake, inayajumlisha, kisha inawaonyesha madaktari na wauguzi rangi ya kijani, njano au nyekundu. Msingi wake si mgeni. Mwaka 1990 madaktari wa Miami walipitia mafaili ya wagonjwa 64 ambao mioyo yao ilisimama wakiwa hospitalini, wakakuta asilimia 84 walikuwa wameonyesha mabadiliko ndani ya saa nane zilizotangulia. Dalili zilikuwapo kabla mioyo haijasimama.

Nilitaka kujua wasiwasi huo unasafiri vipi katika wilaya za kusini, ambako mgonjwa akizidiwa anaweza kupelekwa hospitali za Nyangao, Ndanda, Sokoine mjini Lindi au Ligula kule Mtwara, na kila saa iliyopotea wodini inaongezwa kwenye saa za barabarani.

Ruangwa niliikuta ni mji unaokua kwa haraka, wenye bodaboda nyingi, mazungumzo ya madini ya kinywe, na fahari ya wazi juu ya Namungo FC. Nilifurahi kugundua kwamba kompyuta za kazi za afya zilikwisha kupita huku miaka mingi nyuma. Mwaka 2004 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walizunguka Ruangwa, Nachingwea, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba wakiwa na kompyuta za kiganjani, wakahoji kaya zaidi ya 21,000. Mdodosaji akiingiza jibu lisilowezekana, kifaa kilimuuliza papo hapo, akiwa bado amekaa na mwenye nyumba. Miaka michache baadaye mradi ulioitwa QUALMAT ulipeleka kompyuta katika vituo vya afya vya Lindi Vijijini ziwaongoze wahudumu wanaopima wajawazito na kuzalisha. Wahudumu wengi walizipokea vizuri. Kilichowaelemea ni umeme unaokatika na kuandika mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye rejista, huku foleni ikingoja nje. Kwangu hilo la kuandika mara mbili ndilo funzo kubwa kuliko yote: chombo kinachomwongezea muuguzi kazi ya kalamu kinampunguzia muda wa kumtazama mgonjwa.

Kutoka Ruangwa nilikwenda Nachingwea. Hapa Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mradi ulikufa na reli ikang'olewa. Baadaye wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walipiga kambi katika Shamba Namba 17. Mji una miti mikubwa na barabara pana, na ningeweza kuuandika peke yake, ila nilikuwa na miadi na mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi katika hospitali kadhaa za kusini.

Nilimwamkia, akanikaribisha uji, tukazungumza hadi jioni. Nilimweleza habari za kompyuta ya New York. Hakushangaa hata kidogo. Alisema partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua, ilikuwa ikifanya hivyo kwa karatasi tangu yeye akiwa msichana: mstari wa tahadhari, mstari wa kuchukua hatua, na muuguzi anayetia alama. Ni kweli, na mistari hiyo ilibuniwa Afrika, mjini Harare ya leo, na watafiti Philpott na Castle, wakaichapisha mwaka 1972.

Kisha akanieleza juu ya upumuaji. Katika chati nyingi safu hiyo husomeka 20, 20, 20, kana kwamba wodi nzima inavuta pumzi kwa pamoja. "Mwanangu, pumzi huhesabiwa dakika nzima," alisema. "Ukiwa peke yako usiku na wagonjwa arobaini, hizo ni dakika arobaini, na bado hujampa mtu dawa." Nami nasema huo si uvivu. Ni hesabu ya watumishi. Na hesabu hiyo inaharibu kipimo ambacho mara nyingi hutangulia vingine kubadilika mgonjwa anapozidiwa.

Utafiti mkubwa wa nchi 22 za Afrika, nao wa mwaka 2025, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa ni mahututi, na wengi wa mahututi hao wako wodi za kawaida, mikononi mwa muuguzi wa zamu. Ili kuwaokoa, si lazima kuanza na mashine ya bei kubwa. Muhimbili waliwahi kuweka katika chumba cha wagonjwa mahututi kanuni rahisi: kipimo kikivuka mpaka fulani, muuguzi anaanza hatua zilizokubaliwa bila kusubiri. Wagonjwa wenye presha ya chini sana walinusurika zaidi kuliko awali.

Hospitali zetu nyingi za umma sasa zina GoT-HoMIS, mfumo unaosajili wagonjwa, malipo, dawa na vipimo. Nawaomba TAMISEMI na Wizara ya Afya waipe nafasi ya kwanza humo sauti ya muuguzi: sehemu ya kuandika wasiwasi wake kwa maneno mawili, saa ijiandike yenyewe, ujumbe uende kwenye simu ya daktari wa zamu, na rejista ya karatasi iondolewe mahali ambapo kompyuta inafanya kazi. Na waajiriwe wauguzi wa kutosha kuhesabu pumzi. Nawe unayemuuguza ndugu yako wodini, ukiona amebadilika, hata kama huwezi kueleza kwa nini, mwite muuguzi, umwambie, umwombe aandike.