Ndege wa Dada Yangu



Agosti mwaka jana nilikaa wiki mbili kwa dada yangu mkubwa kule Minnesota, Marekani. Anatunza wazee, zamu ya usiku. Asubuhi akirudi, kabla hata ya kuvua viatu, anakoroga sukari kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, anamimina kwenye chupa nyekundu iliyoning'inia dirishani. Chakula cha ndege.

Na ndege wenyewe! Wadogo kuliko chozi wetu wa hapa nyumbani, ingawa si jamaa. Gramu 3 hivi. Kijiko cha chai cha sukari ni kizito zaidi. Mbawa zinapiga kama mara 50 kwa sekunde, zinavuma, naye amesimama hewani akinywa. Mimi nilidhani ni mdudu. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Mwisho wa kiangazi wanakula kwa pupa, wengine uzito unakaribia maradufu. Halafu safari, kuelekea Mexico na Amerika ya Kati. Wengi wanavuka Ghuba ya Mexico, kilomita 800 hivi juu ya maji, hakuna mahali pa kutua. Madume hutangulia, kisha majike. Makinda ya mwaka huo huja nyuma, kila mmoja peke yake, njia ambayo hajaonyeshwa na yeyote.

Dada alitaka kuiondoa chupa. Aliogopa kwamba wakiona chakula kipo watanogewa, baridi iwakute. Jirani yake, mama mzee, akamwambia hapana, siku zikianza kuwa fupi wanajua. Chupa ijae isijae, wataenda.

Hapo nikamwuliza, "Na wewe dada, utakuja lini?"

Ni miaka 11 sasa. Kila mwaka anasema Desemba, na kila Desemba kuna zamu inayolipa mara mbili. Mama ana miaka 79. Lakini niliuliza kwa ile sauti yangu ya madhabahuni, na hilo lilikuwa kosa langu. Aliosha vikombe, akaenda kulala.

Wapendwa, ada yangu ya chuo cha Biblia ilitoka kwenye zamu hizo. Paa la mama pia. Chupa hiyo nimeinywea.

Oktoba alinitumia picha: chupa imejaa, ndege hakuna. Hakuandika neno.

Jana mama ameniuliza tena. Nimempa simu, nikamwambia ampigie mwenyewe.