Jibu Lililoonekana na Jibu Lililowekwa

Lori litokalo Mombasa kwenda Malaba hupimwa uzito mara kadhaa njiani. Hupimwa Mariakani, hupimwa Mlolongo, hupimwa Gilgil. Na likisha kupita Nakuru na kufika kwetu Salgaa, dereva wake huliegesha kando ya barabara, akala, akalala, na alfajiri akashika tena safari yake. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sehemu hizi, na nimewasikia madereva hawa wakizungumza habari za mizani kuliko wanavyozungumza habari za chakula. Wanajua jambo moja ambalo wanafunzi wangu huchukua muhula mzima kulijua.

Jambo lenyewe ni hili. Gari linapokanyaga mizani, tarakimu hutokea kwenye kioo, na kila aliye karibu huziona. Lori la pili linapopanda, tarakimu za kwanza hutoweka kana kwamba hazikuwako. Kinachobaki mkononi mwa dereva ni stakabadhi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa na mzigo wake, na mwenye kuzidisha hutozwa faini. Kwa hiyo karatasi ile ndogo ni ngao yake. Akisimamishwa mbele na kuulizwa uzito wa gari lake, hawezi kujibu, "Bwana, ulionekana kwenye kioo." Atacheka mwenyewe kabla ya kuchekwa.

Nataka, msomaji wangu, tuzungumze juu ya kioo na stakabadhi, lakini si vya mizani. Nataka tuzungumze juu ya vile vya kompyuta, na hasa vya lugha iitwayo R, ambayo hutumiwa kwa kazi za takwimu. Lugha hii ilianzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand: Ross Ihaka na Robert Gentleman. Waliifuata kwa sehemu kubwa lugha ya zamani zaidi, iitwayo S, ambayo John Chambers na wenzake waliianza mwaka 1976 katika maabara ya Bell huko Marekani. Mwaka 1995 R ilitolewa bure kwa ulimwengu wote, na tarehe 29 Februari 2000 likatoka toleo lake lililohesabiwa kuwa la kwanza kamili. Napenda kuwaeleza wanafunzi kwamba chombo hiki, ambacho leo hutumiwa na mabingwa wa tiba, wa kilimo na wa uchumi, kilitengenezwa na walimu waliotaka kitu cha kufundishia. Kwa kuwa hakiuzwi, hata shule yenye kompyuta chache na kongwe yaweza kuwa nacho.

Katika R kazi hufanywa na fankisheni. Fankisheni ni mfano wa mtumishi aliyefundishwa kazi moja: unampa kitu, anakifanyia kazi, anakurudishia kitu. Tuseme umemfundisha mtumishi wako kutafuta wastani, ukamwita kwa jina hilo, kisha ukampa namba tatu:

wastani(c(12, 7, 14))

Mara kioo kitakuonyesha 11. Umeliona jibu, umefurahi, lakini hunalo. Limepita mbele ya macho yako kama lori la usiku. Ukitaka kuliweka, huna budi kulipa jina na mahali pa kukaa:

jumatatu <- wastani(c(12, 7, 14))

Sasa tazama ajabu yake: kompyuta haisemi kitu. Mwanafunzi mgeni hudhani ameharibu kazi, akaandika tena na tena, akaniita. Kumbe ukimya ule ndio dalili ya kufaulu. Jibu limetiwa mfukoni. Ukitaka kuliona, andika jina lake, "jumatatu", nalo litajitokeza. Au zungushia amri nzima mabano, upate kuweka na kuona kwa mara moja. Na ikiwa umeona jibu bila kuliweka, R ina huruma kidogo: jibu la mwisho hukaa kwa muda katika jina ".Last.value". Lakini huruma hiyo ni ile ya mizani, ambayo huendelea kuonyesha uzito wa lori la mwisho mpaka lori jingine lifike.

Hapo hakuna hatari kubwa. Aliyesahau kuweka jibu atatambua mara atakapolitafuta, na atafanya kazi upya. Hatari kubwa ipo mahali pengine, nami naomba uniazime masikio yako.

Kuna fankisheni ionyeshayo jibu bila kulirudisha. Mwandishi wake, badala ya kuacha jibu liwe neno la mwisho la kazi, amemwamuru mtumishi alitangaze kwa amri "cat". Mtumishi huyo ni mfano wa karani anayesimama mlangoni na kupaza sauti, "Kumi na moja!", kisha akarudi ndani na kukukabidhi bahasha tupu. Umesikia kumi na moja kwa masikio yako, na bahasha unayo mkononi, basi unaamini kwamba kumi na moja imo ndani ya bahasha. Haimo. Kilichomo huitwa NULL, maana yake hakuna kitu.

Darasa langu moja la kidato cha tatu lilikuwa na zoezi la kuhesabu malori yanayoteremka kuelekea Nakuru. Wanafunzi walikaa ndani ya ua wa shule, makundi matano, kila kundi na siku yake, wakahesabu kwa vipindi vya robo saa. Kila kundi liliandika fankisheni yake ya wastani, na katika hilo sikuwaingilia, maana katika chuo cha walimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kisu kwa kukishika. Wastani wa Jumatatu ulikuwa 11, Jumanne 15, Jumatano 13, Alhamisi 9, Ijumaa 12. Jumla ni 60, nayo ukiigawanya kwa siku tano ni 12. Lakini kompyuta ilipounganisha siku zote ilitoa 12.25.

Hakuna aliyeshtuka, na hilo si ajabu. Namba 12.25 ina sura njema. Haikuwa kubwa ya kushangaza wala ndogo ya kuchekesha. Ingeweza kuandikwa katika taarifa, ikasomwa, ikaaminiwa. Kompyuta nayo haikulalamika. Tofauti ilivumbuliwa na msichana mmoja ambaye ana desturi ya kuhesabu vitu kabla ya kuvijumlisha. Aliiuliza R, kwa amri "length", kwamba siku zilizounganishwa ni ngapi. Ikajibu: nne.

Jumatatu haikuwamo. Kundi la Jumatatu lilikuwa limetumia "cat". Walikuwa wameiona 11 kwenye kioo, wameishangilia, na kuweka bahasha tupu chini ya jina la siku yao. Tena R ina tabia hii: ukiunganisha namba na NULL, haisemi kwamba nafasi moja ni tupu. Huiondoa nafasi yenyewe, ikasogeza nyingine karibu, pengo lisionekane. Kwa hiyo ilijumlisha 49 na kugawanya kwa nne. Ukijaribu kuongeza 1 juu ya NULL, utapata orodha isiyo na namba hata moja, wala hutaonywa. Nafikiri hii ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote, nami huisema mbele ya darasa bila kuificha, ingawa chombo chenyewe nakipenda.

Pengine utaniuliza, msomaji, robo ya lori ina thamani gani hata tuifanyie kelele? Nitakujibu kwa habari ya barabara yetu.

Kutoka Sachangwan kuja Salgaa barabara huteremka mwendo mrefu. Wako madereva ambao, kwa tamaa ya kuokoa mafuta, huliacha lori literemke bila gia. Breki hubeba uzito wote peke yake, zikapata moto, zikaacha kushika. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan. Watu walikusanyika kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Hesabu iliyotangazwa kwanza haikuwa hesabu ya mwisho, kwa sababu majeruhi waliendelea kufa hospitalini siku zilizofuata. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi na lori viligongana Migaa, hatua chache juu ya barabara hiyo hiyo, watu 36 wakafa. Baadaye njia ya kupanda na njia ya kushuka zilitenganishwa katika sehemu hiyo.

Hakuna mhandisi atakayetenganisha njia kwa sababu ya namba aliyoiona mara moja kwenye kioo. Lazima awe na hesabu za mwaka huu na za mwaka jana, za Salgaa na za mahali pengine, zimewekwa, zimepangwa, zaweza kulinganishwa. Sasa fikiri: hesabu ya mwezi mmoja ikianguka njiani kama ilivyoanguka Jumatatu yetu, na wastani ukabaki na sura njema, nani atajua? Kila namba katika hesabu ile ilikuwa mtu aliyetoka nyumbani kwake. Mtu aliyekufa barabarani na kisha akaanguka pia kutoka katika orodha amepotea mara mbili.

Basi turudi kwenye dawa, nayo si ngumu. Fankisheni yako na ikamilishe kazi kwa kutaja jibu lenyewe, au kwa amri "return" ikiwa wapenda kutaja wazi, na kuonyesha kuwe kazi ya nje. Ikiwa ni lazima kuonyesha ndani, tumia "print" mwishoni badala ya "cat", maana "print" huonyesha kitu na pia hukirudisha. Majina unayoyaweka ndani ya fankisheni hufa fankisheni inapomaliza kazi, kwa hiyo usiyatafute nje. Na ukiiagiza R irudie kazi mara tano katika mzunguko, haitakuonyesha chochote usipoamuru; tena ukiweka majibu yote katika jina moja, la tano litafuta manne yaliyotangulia. Tengeneza orodha yenye nafasi tano, kila jibu liende mahali pake.

Wako wanaosema, "Mimi naandika namba za kioo katika daftari, yatosha." Haitoshi. Gawanya 22 kwa 7, na kioo kitakuonyesha 3.142857, kwa kuwa desturi ya R ni kuonyesha tarakimu saba tu zenye maana. Lakini ndani imeweka tarakimu zipatazo kumi na tano. Anayenakili kioo amenakili picha ya jibu. Tena mkono wa mwanadamu hukosea; 3.142857 huwa 3.148257 mwandishi anapopiga mwayo.

Hata jibu lililopewa jina linakaa katika kumbukumbu ya kompyuta tu, nayo ni kumbukumbu ya umeme. Umeme ukikatika, na hapa kwetu hukatika, kumbukumbu hiyo hufutika. Unapoaga R kwa kawaida, hukuuliza kama ungependa ikuwekee kila kilichomo; wengi hujibu la, kwa haraka ya kwenda nyumbani, na wanaojibu ndiyo hupata mzigo wa majina mapya na ya kale yaliyochanganyika. Mimi napendelea kuweka kila kitu chenye maana katika faili lake:

saveRDS(wiki, "malori_wiki.rds")

Faili hilo hutunza jibu jinsi lilivyo, na tarakimu zake zote, na majina ya siku. Kulirudisha ni kwa "readRDS". Ikiwa jibu linakwenda kwa mtu asiyetumia R, kwa mfano karani mwenye programu ya majedwali, "write.csv" humwandikia jedwali liwezalo kusomwa mahali popote.

Kundi la Jumatatu lilirekebisha fankisheni yake kwa kufuta neno moja. Msichana yule aliomba ruhusa ya kuongeza mstari mmoja kabla ya kujumlisha, mstari unaoikataza kompyuta kuendelea ikiwa siku si tano, nami nikamruhusu. Kwa amri "stopifnot" jambo hilo huandikwa kwa pumzi moja. Kisha waliweka faili. Muhula uliofuata darasa jipya lilipokaa mbele ya kompyuta ile ile, walilifungua, wakakuta siku tano na wastani wa 12, wakatoka na kalamu zao kwenda uani kuhesabu za kwao.